Kuhusu kumlaza mtoto nje

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na ule wa shangazi yako wa Uvira, kule Kongo, ulionitumia pamoja nao mara nne, maana ulinichekesha. Ameona picha ya mjukuu wangu kalala uani ndani ya kigari, theluji juu ya kifuniko, akauliza: "Mnamwanika mtoto kama ndagala?" Na wewe sasa unaniuliza kwa upole: mama, ulikubali vipi mimi nilazwe nje?

Sikukubali. Nilikukuta tu.

Tulishuka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, mwezi wa Desemba tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wewe mgongoni. Saa 9 alasiri, giza totoro. Mkalimani akasema jua limeaga mwishoni mwa Novemba, halitachomoza hadi katikati ya Januari. Nikajua ananitania. Miezi mitatu baadaye ukapata nafasi ya chekechea ili mimi nisome Kinorwei. Siku moja darasa likaisha mapema, nikaja kukuchukua, nikakuta vigari sita vimepangwa chini ya ukingo wa paa. Chako cha tatu. Ukelele niliopiga, nadhani hata Uvira waliusikia.

Mwalimu alitoka mbio. Kinorwei changu kilikuwa maneno thelathini hivi, na hakuna hata moja la kugombania. Hakubishana nami. Alinivua glavu, akafungua zipu, akauingiza mkono wangu nyuma ya shingo yako. Shingo ilikuwa ya moto kama chapati. Ulikuwa unakoroma.

Kumbe aliyekuwa anakugandisha ni mimi. Nyumbani nilikuvika fulana ya pamba na masweta matatu juu yake, ukatota jasho, pamba ikalinywa ikabaki mbichi mwilini, na hapo ndipo baridi inapoingilia. Wao waliweka sufu moja kwa moja kwenye ngozi. Wana msemo wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Huo ni msemo wa mtu mwenye pesa. Sufu ni ghali. Ya kwako yote ilikuwa mitumba, na jozi za glavu ulizopoteza Mungu ndiye ajuaye.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakuhangaishwa na baridi. Kwake ilikuwa milima. Mtu aliyezoea kuvua usiku ziwani huamini kwamba mbingu anaisoma. Mlikuwa mmekwenda kisiwani Kvaløya, una miaka tisa, mawingu yakaanza kushuka, yeye anataka kufika kileleni kwa sababu kilikuwa kinaonekana. Ukamwambia, "Baba, kanuni ya nane." Shuleni walikuwa wamekukaririsha zile kanuni za mlimani za Wanorwei, na ya nane inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Alinung'unika njia nzima kwamba mtoto anamwamuru. Usiku upepo ulipoanza kupindua mapipa ya taka mtaani, akanyamaza.

Lakini ukweli ambao sijawahi kukuambia ni huu: kwa miaka sita mimi nilikuona kupitia dirishani. Wewe na fulana yako ya kung'aa gizani, na taa kichwani, unateleza kwenye theluji na ski, zile mbao za miguuni, nyuma ya nyumba. Mimi na kikombe cha chai ndani. Nilitoka tarehe 21 Januari tu, watu wanapoadhimisha kurudi kwa jua kwa kula maandazi yao, na hata hapo nilifuata maandazi. Kilichonitoa ni beri za buluu. Ulinishika mkono tukaingia msituni mwezi wa Agosti, nikawa nageuka kila hatua kumtafuta mwenye shamba atakayetufukuza. Ukanieleza kwamba kuna sheria, ya mwaka 1957, inayomruhusu mtu yeyote kupita porini na kuchuma hata kama ardhi si yake. Mimi nimetoka mahali watu wanapouana kwa ajili ya ardhi. Nilikaa kwenye jiwe, ndoo magotini, sikuweza kuchuma kwa muda. Ulidhani nimechoka.

Basi, kuhusu mjukuu. Usimvike pamba ndani. Kifuniko usikibane, hewa ipite. Mtie mkono nyuma ya shingo, siyo kwenye vidole, vidole hudanganya. Chekechea yako ilikulaza ndani baridi ilipozidi nyuzi 10 chini ya sifuri, nawe fanya hivyohivyo. Na mafuta ya ini la samaki usiyasahau, muulize nesi kiasi chake. Ngozi yetu nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na kwenye miezi ya giza hakuna jua la kuisaidia. Wewe uliyakimbia hadi chini ya meza.

Shangazi yako niachie mimi, nitampigia Jumapili. Nitumie picha nyingine, hii haionyeshi pua. Nataka kuona kama ni ya baba yako.

Mama yako