Gari Jipya Linatetema, Shoroomu Inasema Ni Kawaida

SWALI: Nilinunua gari jipya Nairobi kwa mkopo wa benki. Lina miezi saba na kilomita 9,400. Likishapata moto, linatetema likitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Nimelirudisha mara tatu. Kila mara wanaunganisha kompyuta, wanafuta misimbo ya hitilafu, kisha wanasema ndivyo magari haya yalivyo. Naweza kudai nibadilishiwe? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Wakisema ni kawaida, omba mwendeshe gari jingine la modeli hiyo hiyo, barabara ile ile, giaboksi ikiwa na moto. Lisipotetema, hoja hiyo imekwisha, na matokeo yaandikwe.

Tatizo kubwa ni kwamba unaliacha gari asubuhi, linalala uani, kisha linajaribiwa likiwa baridi. Fika baada ya kuliendesha kama nusu saa, usizime injini, mpe msimamizi wa mafundi usukani, nawe ukae kando yake. Kwenye jobu kadi (karatasi ya kazi ya gereji) usikubali “mteja analalamika kuhusu gia”. Iandikwe: “Linatetema gia ya 2 kwenda ya 3, giaboksi ikiwa na moto”, pamoja na kasi, kilomita na tarehe. Bila maneno hayo, ziara zako tatu zitasomeka kama matatizo matatu tofauti.

Dai uchapishiwe misimbo kabla haijafutwa. Kuifuta hakutengenezi kitu, na mara nyingi hupotea pia kumbukumbu ya joto na kasi iliyokuwapo hitilafu ilipotokea. Waulize kama wamepima oili ya giaboksi katika joto lililowekwa na mtengenezaji; ikipungua, presha hushuka na klachi za ndani zinaweza kuteleza. Wakisasisha programu ya giaboksi, waandike toleo la zamani na jipya.

Kama benki iliweka kifaa cha kufuatilia gari, tafuta cheti cha ufungaji sasa hivi. Nyaya zilizochunwa na kuunganishwa kwa utepe ni kisingizio rahisi cha kukunyima waranti, hata kama hazihusiani na gia.

Kuhusu kubadilishiwa: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, kifungu cha 16, inadai ubora unaofaa kwa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Lakini baada ya miezi saba ya kulitumia, korti inaweza kusema umeshalikubali gari. Hapo unabaki na haki ya fidia, si ya kulirudisha. Kwa hiyo andika barua leo, orodhesha jobu kadi zote, na uwape siku 14 wajibu kwa maandishi. Nakala ipeleke kwa ofisi ya mtengenezaji na kwa benki, maana ikiwa jina lake limo kwenye logibuku, huwezi kulirudisha gari bila idhini yake. Wakinyamaza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamishi ya wateja, na Korti ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kiasi hicho hakitoshi bei ya gari, ila kinaweza kutosha matengenezo.

SWALI: Nimekabidhiwa gari jipya juzi. Mlango mmoja una rangi tofauti kidogo juani. Wanasema ni macho yangu. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Tazama vichwa vya bolti za bawaba za mlango huo. Rangi ikiwa imekwaruzwa pale spana inapokaa, mlango huenda ulifunguliwa. Kisha mwombe fundi wa rangi apime unene: rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na milango yote hukaribiana. Mmoja ukisoma 300, umepakwa upya, pengine baada ya kugongwa safarini.

Wewe bado una nafasi ya kulikataa gari, ila usingoje. Acha kuliendesha, piga picha za vipimo vyote, na upeleke barua ya kulikataa leo, ukigongewa muhuri kwenye nakala yako. Usisaini karatasi ya “kurekebisha rangi” kabla ya kuamua, kwa sababu wataishika kama ushahidi kwamba ulilikubali gari.