Re: Mshukiwa wa ugaidi si raia, katiba yetu inamhusu nini?

Buda, umeuliza mbona mgeni anayeshukiwa ugaidi alindwe na katiba ya Kenya yenye tulipigia kura sisi 2010. Isome tena, kura na pasipoti ndiyo ya raia, lakini kifungu cha 49 kinasema tu "mtu aliyekamatwa", hakisemi raia, na afikishwe kortini ndani ya saa 24 (ikiangukia wikendi ni siku ya korti inayofuata), halafu cha 25 kinakataza mateso kabisa, hakuna cha lakini. Hata Marekani, korti yao ya juu ilisema 2008 kwamba wageni walioshikiliwa Guantanamo, jela ya jeshi lao kule Cuba, wanaweza kupinga kushikiliwa kwao mbele ya jaji, ingawa ilipita majaji 5 kwa 4. Na kuna Mkenya alishikwa Mombasa 2007 akapelekwa huko, amerudi Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka, sasa huko si yeye ndiye alikuwa mgeni? Mimi nishawahi lala seli hapa Kisumu juu niliacha kitambulisho kwa suruali ingine, afande ananimulika tochi machoni akiniuliza jina la chifu wetu, eti naongea kama mtu wa ng'ambo ya mpaka. Kama mgeni hana haki, hiyo usiku ningejitetea aje?