Kwa dada fundi cherehani aliyeuliza aanzie wapi: nzango, rumba na barabara za Lubumbashi

Dada, umeandika kwamba unakaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi hadi jioni, kwamba pumzi inakukatika ukipanda ngazi za ghorofa moja tu, kwamba ulilipia ukumbi wa mazoezi ukauacha kabla mwezi haujaisha, na kwamba goti la kushoto hukusumbua unapoinuka. Unauliza kuna shughuli gani ya kuanzia ambayo mtu mzito asiyezoea anaweza kuifanya bila kuchukia kila dakika yake. Mimi ni mhasibu, si daktari wala mwalimu wa michezo. Ninaishi hapa hapa Lubumbashi, na nilipita miaka 40 nikiwa na mwili uliozoea kiti peke yake, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia na niliyoyaona kwa majirani zangu wa Kampemba.

Ninavyoona mimi, anayeanza asiulize zoezi lipi linapunguza kilo haraka. Aulize ni shughuli ipi angeifanya hata kama isingekuwa na faida yoyote mwilini, kwa sababu miezi ya mwanzo kilo hazipungui sana, na anayezisubiri huchoka kusubiri. Wengi ninaowafahamu walioacha mazoezi hawakuwa wavivu hata kidogo. Ni watu wanaoamka alfajiri, wanabeba mizigo sokoni na kulea watoto. Walichokiacha ni kuhesabu dakika kwenye mashine mbele ya kioo, wakiwa wamezungukwa na vijana wenye misuli, tena kwa pesa zao wenyewe.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza ni nzango, ule mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu. Najua utacheka, maana sote tuliicheza shuleni tukaiacha tulipoanza kuvaa vikwembe. Lakini mchezo huu umekua: una timu, una waamuzi, na mwaka 2015 ulionyeshwa katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville. Mtaani kwetu akina mama hukutana Jumapili jioni kwenye uwanja wa shule, wengine wana wajukuu, na hakuna anayeulizwa uzito wake. Mistari miwili hutazamana. Mmoja wa upande huu hutoka mbele, mwingine wa upande ule humkabili, wote wawili wanaruka na kupiga makofi kwa mdundo wa wimbo unaoimbwa na mistari yote, kisha kwa wakati uleule kila mmoja anarusha mguu mmoja mbele. Kabla ya kuanza mmekubaliana: upande mmoja unapata pointi miguu ikilingana, upande wa pili unapata isipolingana. Basi. Anayeshinda anaendelea na mpinzani anayefuata, anayeshindwa anarudi mstarini huku akitaniwa.

Angalia sasa mwili unafanyiwa nini humo. Unaruka kwa sekunde chache, moyo unapanda, kisha unarudi mstarini ambako unaimba, unapiga makofi na kuyumba taratibu hadi zamu yako irudi, na mkiwa wengi mapumziko hayo ni marefu kuliko kazi yenyewe. Makocha huwapangia wanariadha wao mazoezi ya namna hiyo kwa saa na filimbi, ya kasi kidogo na pumziko, kasi kidogo na pumziko. Sisi tunayapata kwa wimbo. Akili nayo ina kazi, kwa kuwa unamsoma mpinzani akirusha mguu gani, na mtu anayewaza mguu wa mwenzake hana nafasi ya kuwaza kwamba anahema.

Kwa goti lako, na kwa yeyote mzito, kuna namna ya kuanza ambayo kundi letu huwafundisha wageni: usiruke. Inua visigino tu, piga makofi, na mguu uuweke mbele badala ya kuurusha. Pointi ni ileile. Mama mmoja wa kwetu alicheza hivyo kwa muda mrefu kabla miguu yake haijaacha ardhi, na alikuwa akitushinda, kwa sababu mchezo huu unataka ujanja kuliko nguvu. Vaa viatu vilivyofungwa vizuri, kwani kandambili kwenye uwanja wa vumbi na kokoto ni kujitafutia kuteguka kifundo.

Siku ambazo hakuna kundi, kuna rumba. UNESCO iliiandika rumba ya Kongo mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa kiutamaduni usioshikika, na mimi ningeiandika pia katika orodha ya mazoezi ya wanaoanza, kwa sababu ya jinsi wimbo wenyewe ulivyojengwa. Chukua wimbo mrefu wa miaka ya 1970 au 1980, ule wa dakika nane au zaidi. Sehemu ya kwanza ni ya sauti na maneno, mwendo ni wa polepole, unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule na kiuno kinafuata. Viungo vinapata joto bila wewe kujua. Kisha gitaa linashika, waimbaji wananyamaza, na sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, inaanza. Hapo ndipo moyo unafanya kazi. Sebene ikikuzidi, rudi kwenye mwendo wa mwanzo na umalizie taratibu. Hakuna anayekuona isipokuwa watoto, nao watakucheka tu. Nyimbo mbili au tatu za namna hiyo jioni, wakati maji ya bukari (ugali wetu) yanachemka, tayari ni zoezi kamili. Wanaopenda kalindula, muziki mwingine wa kwetu, wataniambia nimeisahau. Sijaisahau, ila ina kasi tangu mwanzo, kwa hiyo isubiri kidogo.

Kutembea nakuweka nako hapa kwa sababu ya urahisi wake, ingawa nakiri kwamba mtu akiwa peke yake kunachosha roho. Jiji letu limekaa kwenye tambarare lililo karibu mita 1,200 juu ya bahari, halina milima ya Bukavu wala mawe ya Goma, kwa hiyo anayeanza hawezi kupata mji mzuri zaidi wa kutembea. Wengi hupenda barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu, asubuhi na mapema kabla magari hayajajaa. Mimi hupendelea kushuka kwenye teksi-basi kabla ya kufika na kumaliza njia kwa miguu pamoja na mwenzangu wa kazini. Mwenzi huyo ndiye kipimo changu pia. Ukiweza kuongea naye sentensi nzima lakini usiweze kuimba, mwendo wako ni wa kadiri na unatosha. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa hata kumjibu, punguza. Kipimo hiki hakihitaji saa ya mkononi wala simu.

Wapo watakaokuambia lazima ufikishe hatua 10,000 kwa siku. Nambari hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kikiitwa “kipimo cha hatua 10,000”. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kadiri, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kilichonifurahisha zaidi katika mwongozo huo ni kwamba liliondolewa sharti la zamani la kila kipindi kuwa na dakika 10 au zaidi. Maana yake wewe fundi ukiinuka kila unapomaliza gauni moja, ukazunguka soko dakika tatu au nne, dakika hizo zinahesabika. Na kama leo uko kwenye sifuri, wala usizifikirie 150. Anzia kwenye 20 za wiki nzima.

Baiskeli ni nzuri sana kwa magoti na mji wetu unairuhusu, lakini malori ya migodini na vumbi lake vimenifanya nisimshauri mtu anayeanza kuipanda kwenye barabara kubwa. Kuogelea nako ni kuzuri kwa mwenye pesa za bwawa la hoteli. Mpira wa wakongwe, ule wanaoucheza waume zetu Jumapili asubuhi, nausema kwa heshima yote: ni mahali pabaya pa kuanzia, kwa sababu mtu aliyekaa miaka mingi anaufukuza mpira kwa kasi ya ujana wake, na mshipa wa kisigino haukumbuki ujana huo. Moyo na misuli huzoea mapema, lakini mishipa inayoshikilia misuli kwenye mifupa huchelewa, na hapo ndipo wanaoanza kwa pupa huumia, kwa kawaida wakati wanapojiona wamekwisha kuwa imara.

Kuhusu maumivu, utofautishe mawili. Nyama za mapaja na za vigimbi zitauma kuanzia kesho yake, zitazidi siku ya pili au ya tatu, kisha zitatulia zenyewe. Hayo ni ya kawaida, na kutembea polepole huyapunguza. Maumivu makali ya ghafla ndani ya kiungo ni jambo jingine, na hapo unasimama. Kabla ya yote hayo, pita kituo cha afya upimwe shinikizo la damu, kwa maana wengi wa rika letu wanalo bila kujua. Na ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakwisha ukiwa umepumzika, acha na uende ukaonwe siku hiyohiyo.

Uliuliza pia kuhusu majira. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua zetu hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo nzango yetu huhamia asubuhi baada ya misa au hufutwa, na rumba ya nyumbani inashika nafasi. Juni na Julai asubuhi baridi hushuka chini ya nyuzi 10, viungo vinakuwa vigumu, kwa hiyo anzia ndani ya nyumba hadi upate joto. Septemba na Oktoba, jakaranda zinapochanua, jua ni kali na vumbi ni jingi. Toka mapema au baada ya jua kuzama, na beba maji.

Sasa goti. Hukutuambia kama linavimba. Ikiwa linavimba, linakwama au linakuangusha, lipeleke kwa daktari kwanza. Ikiwa linauma tu unapoinuka baada ya kukaa saa nyingi, jaribu hili wiki hii dukani kwako: kaa kwenye kiti cha juu, ongeza mto ukihitaji, inuka bila kusukuma kwa mikono, kisha kaa tena polepole, mara chache asubuhi na mara chache jioni. Likishazoea, ondoa mto. Jumapili njoo kwenye nzango uwe miongoni mwa wapiga makofi, maana nao husimama, huyumba na kuimba muda wote wa mchezo, na zamu ya kuingia utaiomba mwenyewe utakapokuwa tayari.