Dagaa Wasio na Mchanga: Niliyojifunza Nikiuza Dagaa wa Kigoma kwa Simu

Mzigo wangu wa kwanza kwenda Dar es Salaam ulikuwa kilo 15 za dagaa. Nilikuwa nimepiga picha za kuvutia, nikaandika kwa herufi kubwa "DAGAA HALISI WA KIGOMA", nikaweka kwenye status ya WhatsApp na kwenye magrupu mawili ya watu wa kwetu wanaoishi Dar. Wateja 9 walinitumia hela kabla hata sijapakia. Nilifunga maboksi usiku nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Siku ya tatu ikaingia picha kutoka kwa mteja mmoja wa Mbagala. Bakuli jeupe, maji ndani, dagaa wangu wanaelea juu, na chini kabisa mchanga umetulia kama unga. Akaandika: "Dada, hawa tumeshindwa kula. Watoto wanasema wanatafuna mawe." Kabla ya jua kuzama wengine 4 walikuwa wameandika maneno yanayofanana na hayo. Niliwarudishia wote 5 hela zao. Mtaji wangu wa 350,000 ukabaki karibu nusu, na kwenye lile grupu moja jina langu likawa "dada wa mchanga".

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza biashara ndogo hapa Kigoma, iwe dagaa, migebuka, mawese au sabuni, na hasa dada zangu na wadogo zangu wanaonitumia ujumbe wakiuliza, "Da, unapataje wateja?" Wengi wanaouliza hivyo tayari wameshatengeneza nembo na kununua bando. Mimi nitawarudisha nyuma kidogo, mpaka mwaloni, pale maboti yanaposhusha dagaa, kwa sababu huko ndiko nilikopoteza wateja wangu wa kwanza na huko ndiko nilikowapatia hawa nilionao leo.

Baada ya ile aibu nilirudi alfajiri Kibirizi, mwalo wetu wa hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Kuna mama mmoja pale, mtu mzima, anaanika dagaa tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyonipata. Hakunicheka. Alichota dagaa kiganja kimoja kutoka kwenye gunia la jirani yake, akawatia kwenye beseni jeupe lenye maji, akawakoroga taratibu kwa vidole, akasubiri. Kisha akawatoa na kuniambia, "Haya mwanangu, tazama chini." Mchanga ulikuwepo. Akachota wa kwake, akafanya vilevile. Beseni likabaki safi, maji yana uchafu kidogo tu wa magamba.

Tofauti ni mahali wanapoanikwa. Dagaa wa mchangani wanamwagwa ufukweni moja kwa moja. Ni rahisi, hakuna gharama ya kujenga chochote, lakini mchanga unawaganda wakiwa wabichi na hautoki tena hata ukiwapepeta kutwa. Dagaa wa kichanja wanatandazwa juu ya wavu ulioinuliwa kwa miti, upepo unapita juu na chini, wanakauka mapema, na kuku na mbuzi hawawafikii. Bei yao mwaloni iko juu kidogo. Mimi nilikuwa nimekimbilia ile nafuu bila kuuliza nafuu inatoka wapi.

Yule mama alinifundisha pia kusikiliza. Dagaa aliyekauka vizuri ukimkunja anavunjika kwa mlio. Akijikunja bila kuvunjika, bado ana maji, na ukimfunga kwenye mfuko atavunda njiani. Rangi nayo inasema: mweupe wa kung'aa kama fedha amepata jua la kutosha siku hiyohiyo, aliyegeuka njano au kahawia ama amenyeshewa ama amekaa. Msimu wa mvua ndiyo ngumu. Wanaoanika wanahangaika na maturubai mchana kutwa, na kuna siku ni afadhali usinunue kabisa, umwambie mteja asubiri. Nimeshawaambia wateja wasubiri mara nyingi, na wengi wanasubiri.

Tangu siku ile sinunui bila beseni langu. Wauzaji wapya hukasirika nikilitoa. Wale ninaofanya nao kazi siku zote wananichotea wenyewe.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo naona wenzangu wengi wanakufa kimyakimya. Nitatumia namba za mfano, wewe weka za kwako. Tuseme umenunua kilo 20 za dagaa wakavu kwa 20,000 kila kilo. Hiyo ni 400,000. Unataka kufunga pakiti za robo kilo. Mwenye haraka atapiga hivi: kilo 20,000, robo yake 5,000, nitauza 6,000, faida yangu 1,000 kwa pakiti. Anaona amepata.

Lakini kaa chini uchambue mzigo. Ukitoa vichwa vilivyokatika, chenga, takataka na visamaki vingine vilivyochanganyika, kilo 2 zinaondoka. Unabaki na kilo 18, yaani pakiti 72 badala ya 80. Mfuko na lebo yake, 400 kwa kila pakiti, ni 28,800. Boksi na bodaboda mpaka stendi 12,000. Mzigo wa basi 20,000. Bando 5,000. Jumla umetumia 465,800. Gawa kwa 72: kila pakiti imekugharimu karibu 6,470 kabla hujajilipa hata shilingi ya jasho lako. Ukiuza zote kwa 6,000 unapata 432,000. Umepoteza 33,800, na wateja wamekupongeza kwa bei nzuri.

Niliuza namna hiyo kwa miezi minne. Nilikuwa nashangaa mbona nauza sana na bado nakopa hela ya mzigo unaofuata. Siku nilipoandika kila kitu kwenye daftari la mistari, mpaka gundi ya boksi, ndipo nilipoelewa. Zile chenga nazo nilikuwa nazitupa. Sasa nazikusanya kwenye ndoo, na wafugaji wa kuku hapa Gungu wananunua zote.

Ukifika kwenye kufunga, nunua mizani. Si lazima iwe ya gharama, lakini iwe ya kweli. Mimi napima gramu 255 kwa pakiti ya 250, kwa sababu dagaa wanaendelea kupungua uzito taratibu, na mteja wa Dar akipima kwake akakuta 245 hatajua habari za unyevu, atajua ameibiwa. Na usifunge dagaa wakiwa bado na joto la jua. Waache wapoe kivulini kwanza, la sivyo mvuke unabaki ndani ya mfuko na baada ya wiki unaona ukungu.

Jambo jingine ambalo mgeni wa biashara hii halioni ni mwezi. Simaanishi mwezi wa mshahara, namaanisha huu wa angani. Dagaa wanafuata taa. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye taa yako, na maboti mengi yanakaa nchi kavu karibu wiki nzima. Kibirizi inakuwa kimya na bei inapanda. Kwa hiyo hela ya kununulia lazima iwe mkononi wakati wa giza, na mzigo uwe stoo wakati wa mbalamwezi. Nina kalenda ukutani, nimezungushia duara siku za mwezi mpevu. Siku 5 kabla, natuma ujumbe: "Oda za mzigo huu zinafungwa Jumamosi." Ni taarifa ya kweli, na ndiyo tangazo linaloniletea oda nyingi kuliko lolote.

Tukiwa hapo kwenye matangazo, niseme ninavyofanya. Nilichukua lile jaribio lililonidhalilisha nikalifanya video. Kila mzigo mpya, saa moja na nusu asubuhi jua likiwa bado laini, naweka bakuli jeupe mlangoni, namimina maji, natia dagaa, nakoroga, nawatoa, kisha nasogeza simu mpaka chini ya bakuli ionekane. Sekunde 30. Sizungumzi sana, nataja tarehe na bei tu. Video ya kwanza nilimtumia yule dada wa Mbagala peke yake, pamoja na pakiti mbili ambazo sikumdai hela. Hakujibu kwa siku 6. Baadaye akaniandikia anataka kilo 2, na ni yeye aliyeisambaza ile video kwenye grupu lilelile.

Taja bei. Nawaomba sana. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inamchosha mtu mwenye nia ya kununua, maana anadhani utamwangalia usoni ndipo umpangie. Andika uzito, bei, gharama ya kutuma na siku mzigo unapoondoka. Usiazime picha ya mtu mwingine hata kama ya kwako haijapendeza. Mteja anayekuta kitu kilekile alichokiona kwenye picha atakuamini hata kama picha yenyewe ina kivuli.

Na mjue mnayemuuzia. Mtu aliyekulia Ujiji au Mwanga akihamia Arusha hahitaji kufundishwa, anahitaji tu kujua una mzigo. Lakini mteja asiyewajua dagaa wetu anaweza kuwachemsha kama anavyochemsha aina nyingine akapata uji, halafu akalaumu bidhaa. Ndani ya kila boksi naweka karatasi ndogo: waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu, usiwaloweke, wakaange kidogo, kisha kitunguu, nyanya, mawese kijiko kimoja, ndimu mwishoni. Tangu nianze kuweka karatasi hiyo, wateja wananiulizia na mawese. (Mawese usiyafunge kwenye chupa ya maji yenye kizibo kilegevu. Yatavuja kwenye basi na yatapaka mizigo ya watu.)

Kuhusu mkopo, nitasema kwa uchungu kidogo. Ndugu na majirani ndio wateja wa kwanza na ndio wadeni wa kwanza. Ilibidi nimwambie shangazi yangu, kwa heshima zote, "Shangazi, hawa dagaa si wangu, ni wa mtaji. Wangu ni hizi pakiti 2 za kila mwezi, nakupa moja." Alinuna. Sasa anapokea pakiti yake na zaidi ya hiyo ananunua. Hela ya biashara inakaa kwenye laini yake, na malipo yote yanapita Lipa Namba, kwa hiyo hata nikibanwa na msiba au ada ya mtoto naona wazi nimekopa kiasi gani kutoka kwenye mzigo.

Makaratasi sitakaa nayo sana. TIN, yaani namba ya mlipa kodi, unaichukua TRA, jina la biashara unalisajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kabla hujapakia mzigo mkubwa muulize afisa uvuvi wa mwaloni vibali na ushuru unaotakiwa, usije ukaujua kwenye kizuizi usiku. Ukitaka kufika madukani na siyo kwa watu binafsi tu, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mjasiriamali mdogo anaanzia hapo kupata barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Halafu tunza daftari lako, kwa sababu asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi na hana cha kujitetea.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Wanaolaumu wapo, na maumivu yao nayajua, lakini mimi nimeona dagaa wakipungua kwa macho yangu na siwezi kuuza kitu kilichokwisha. Swali ni unakulaje miezi hiyo. Nilikuwa nimeweka kilo 60 kavu kabisa kwenye madumu yenye mifuniko ya kubana, juu ya mbao, mbali na ukuta. Ziliisha mwishoni mwa Juni. Kilichonibeba mpaka Agosti ni mawese na sabuni, kwa wateja walewale, kwa namba zilezile za simu nilizokuwa nimeziandika nyuma ya daftari, jina la mtu, mtaa, na alichopenda.

Kama una laki moja tu, usiagize mifuko yenye nembo. Nunua mizani ndogo, beseni jeupe na kilo 3 za dagaa wa kichanja. Uza kwa watu 10 unaowajua, kwa bei uliyoipiga hesabu yote, kisha wapigie mmoja mmoja baada ya siku 4 uwaulize kama walikuta mchanga. Andika majibu yao. Mbalamwezi ikiisha, rudi Kibirizi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maboti yakiwa ndiyo yanaingia.