Mchu na heroe: linganisha kwa chumvi, usilinganishe kwa kimo

Anayelinganisha mti na ndege mara nyingi huanza na kimo, rangi na miguu, mwisho akabaki na orodha isiyoeleza kitu. Anza na shida inayovikabili viumbe vyote viwili. Mchu (Avicennia marina) na heroe mkubwa, yaani flamingo (Phoenicopterus roseus), huishi kwenye tope lenye chumvi, na hapo ndipo pa kuwapimia.

Mchu huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Inayopenya hupanda na maji mpaka majanini, ambako tezi ndogo huitoa nje. Chagua siku kavu yenye jua, kwa kuwa mvua huiosha, kisha lamba jani: utaionja. Ukilamba la mkoko (Rhizophora mucronata), mti mwingine wa pwani, hutapata kitu, maana mkoko hauna tezi hizo. Miti hii huchanganywa sana, kwa hiyo tazama mizizi kwanza. Ya mchu huchomoza topeni kama penseli. Ya mkoko hushuka kutoka shinani kama matao.

Heroe naye ana tezi karibu na macho. Huchuja chumvi kutoka kwenye damu, na maji yake hutokea puani.

Kosa kubwa ni kufananisha zile penseli na miguu ya heroe. Hazibebi mti, zinaupumulia, kwa sababu tope halina hewa ya kutosha. Mchanga mwingi au mafuta yakizifunika, mti hufa. Penseli hizo zifananishe na mapafu ya ndege. Mguu wa heroe ufananishe na mizizi mirefu inayotambaa chini ya tope: kama vidole vyenye utando, nayo hutawanya uzito ili mti usizame. Na kile kinachoonekana kuwa goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya.

Kwenye uzazi, heroe hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope, na wazazi wote wawili hulisha kifaranga kwa majimaji yatokayo kooni. Mchu huangusha mbegu nyingi zilizokwisha kuota ndani ya ganda, zikaelea na maji.

Unapokwenda kuwatazama, nenda maji yakiwa yamekupwa, pita kando ya penseli usizivunje, na tumia darubini. Heroe wakiinua vichwa na kuanza kutembea pamoja, umeshasogea mno. Rudi nyuma polepole kabla hawajaruka.