Maswali na majibu: "Float" kwa Kiswahili, na yote yanayoelea

Safari hii maswali mengi yameangukia neno moja la Kiingereza, "float". Nimechagua saba.

Shikamoo Mwalimu. Naomba visawe vyote vya "float" kwa Kiswahili, nina mtihani. (Morogoro)

Marahaba. Ombi hili naletewa kila mara, na jibu langu ni lile lile: usikariri orodha. Aliyekariri orodha huandika "mawingu yanaelea" kila ukurasa akadhani ametunga fasihi. Kiswahili huuliza kwanza kitu hicho kimebebwa na nini. Kikikaa juu ya maji pasipo kuzama, kinaelea. Kikipelekwa na mkondo, kinachukuliwa na maji. Kikitoka chini kikaja juu, kimeibuka. Hewani tunabadilisha kabisa: wingu hutanda au hupita, moshi hufuka, vumbi hutimka, sufi hupeperuka, bendera hupepea, mwewe hutanua mbawa akazunguka. Mwingereza anaweza kuvitia karibu vyote hivyo katika neno lake moja, na lugha yake inamruhusu. Yako haikuruhusu, kwa sababu imekupa maneno zaidi.

Kuelea na kuogelea si kitu kimoja? (Kisumu)

Hapana. Gogo linaelea, mtu anaogelea. Kuogelea ni kazi ya mikono na miguu, kuelea ni kukaa juu ya maji tu.

Ila mtu naye anaweza kuelea, na hapa naomba mnisikilize. Aliyeanguka majini hufa mara nyingi kwa kutapatapa: anachoka, anameza maji, anazama. Lala chali, masikio ndani ya maji, jaza kifua hewa, legeza mwili, halafu ndipo uite msaada. Mtoto afundishwe hili kabla ya kufundishwa kupiga mbizi. Tumezika watu wengi mno kutoka MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 na bado tunaendelea kupanda vyombo vilivyojaa kupita kiasi, huku majaketi ya kuokolea maisha yamefungiwa kabatini. Ukipanda, uliza jaketi lako liko wapi. Ukiliona, livae.

Nilikwenda kutoa pesa, wakala akasema hana floti, nikaondoka. Floti ni nini hasa? (Dodoma)

Ungebaki pale pale, dada yangu. Floti ni salio la pesa za mtandao lililo kwenye laini ya wakala. Ukiweka shilingi 50,000, unampa noti naye anakurushia kiasi hicho kutoka kwenye floti yake: keshi yake inaongezeka, floti inapungua. Ukitoa, mambo yanageuka: unamrushia wewe, floti yake inapanda, naye anakupa noti. Kwa hiyo wakala asiye na floti ndiye anayemtafuta mteja wa kutoa kama wewe. Nadhani hukumwambia ulichofuata, naye akadhani unaweka. Ukifika, salimia kisha sema "natoa" au "naweka". Neno moja tu, na foleni nzima itapumua.

Kuhusu neno lenyewe, Waingereza waliita hivyo pesa ndogo ya kuanzia siku kwenye droo ya duka. Kwetu limezagaa pamoja na huduma hizi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Wapo wanaotaka tulifukuze. Mimi sitaki. Limepata irabu yetu mwishoni, limepata ngeli ("floti imeisha"), na lina maana moja ambayo kila muuza duka anaijua. Ninachokataa ni kuliandika kwa tahajia ya Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Na onyo ambalo hukuliomba: mtu akikupigia akidai floti yake imeingia kwako kwa makosa, umtajie namba ya siri airudishe, kata simu. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba yako ya siri.

Nimesoma mahali "Ethiopia yaelesha birr". Ni sahihi? (Arusha)

Si sahihi. "Kuelesha" halipo, mtu amelibuni kwa haraka akitafsiri "float" ya sarafu. Kilichotokea ni kwamba Julai 2024 Ethiopia iliacha bei ya birr, sarafu yake, iamuliwe na soko badala ya kupangwa na benki kuu. Nigeria ilichukua hatua ya namna hiyo kwa naira Juni 2023, na shilingi ya Kenya iliachiwa soko tangu mwaka 1993. Andika hivyo hivyo: birr imeachiwa soko. Ukisema "inaelea", msomaji wa pwani ataelewa kwamba iko salama juu ya maji, na siku zilizofuata birr ilikuwa ikishuka vibaya.

Je, kueleza kunahusiana na kuelea? (Mombasa)

Ndiyo! Nimelingoja swali hili miaka. Kueleza ni kufanya kitu kielee. Jambo lililozama halionekani. Unalileta juu, kila mtu analiona. Ndiyo maana wazee wa pwani husema "maneno yako yamenielea", yaani nimeyafahamu, na asiyefahamu husema "hayanielei". Kutoka hapo tunapata elewa, maelezo na kielelezo. Chelezo nalo limo: kitu kinachofanya kingine kielee, tena ndilo jina la mahali pa kuundia na kutengenezea meli, kama lile lililojengwa Mwanza kwa ajili ya MV Mwanza. Hata anayetaka kutapika husema "moyo unanielea".

Mzizi mmoja, maana zote hizo. Halafu mtu ananiandikia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kueleza mambo mazito. Kitenzi hicho hicho anachotumia kulalamika kinamkanusha.

Katika "Ukiona vyaelea vimeundwa", vinavyoelea ni vitu gani? (Bujumbura)

Vyombo: mashua, dau, jahazi. Walimu wengi hufundisha methali hii kana kwamba "vyaelea" ni vitu tu, basi mwanafunzi anakariri maana bila kuona bahari. Nenda Nungwi, Unguja, ambako mafundi bado huunda kwa mkono. Utawaona na tezo wakichonga mbao, na keke wakitoboa matundu ya misumari, kisha wakikalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kati ya ubao na ubao, mwanya kwa mwanya, chombo kizima. Ukiacha mwanya mmoja, maji yanaingia. Anayekiona kikielea haoni pamba hata kidogo. Methali inazungumza juu ya pamba hiyo.

Na si "vinaelea" wala "vyaeleya", kama mlivyoniandikia watatu. Ni "vyaelea".

Boya ni tusi? (Nairobi)

Mtaani, ndiyo, humaanisha mjinga. Kwa mvuvi ni neno la kazi lililotoka kwa Wareno: boya la kuelea juu ya wavu, chubwi la kuuzamisha chini. Mwalimu asimkate mtoto alama kwa kuliandika kwenye insha ya uvuvi.