Dagaa, Mbolea na Magugu: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria. Sijui ni bahati tu au walimu wenu wamepatana. Kwangu ni neema. Vitabu vingi hufundisha mfumo ikolojia kwa simba na swala, na wengi wenu simba mmemwona kwenye noti ya shilingi 2,000 tu. Dagaa mmewala jana usiku. Basi tuanzie hapo.

SWALI (kidato cha pili, Ukerewe): Shikamoo mwalimu. Kwenye mnyororo wa chakula nilichora mshale kutoka kwa sangara kwenda kwa dagaa, kwa sababu sangara ndiye anayemfuata dagaa. Nimekoseshwa. Kosa langu ni nini?

Marahaba. Umechora mawindo, ulitakiwa kuchora chakula. Mshale hauonyeshi nani anamkimbiza nani. Unaonyesha nishati inahamia kwa nani. Dagaa akiliwa, nishati iliyokuwa mwilini mwake inaingia kwa sangara, hivyo mshale unatoka kwa dagaa. Ukishika hilo hutakosea tena, hata ukipewa wanyama usiowajua.

Sasa hesabu. Mwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Vijidudu vinavyoelea majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, sangara hula dagaa, nawe unamla sangara. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea: mnyama anaogelea, anapumua, anatoa kinyesi, na joto linamtoka. Kwa kukadiria, hatua moja hurithi asilimia 10 tu ya ile iliyoitangulia. Kilo 10,000 za mwani zinatoa kilo 1,000 za vijidudu, kisha kilo 100 za dagaa, kilo 10 za sangara, na kilo moja ya wewe. Ukimla dagaa mwenyewe umeruka ngazi: zile kilo 100 zinakupa kilo 10 badala ya moja. Hiyo asilimia 10 ni ya kufundishia. Ziwani inapanda na kushuka.

Na mnyororo wenyewe ni mchoro wa kurahisisha mambo. Sangara mchanga hula uduvi na viluwiluwi vya wadudu, akikua anahamia kwa dagaa na furu, na njaa ikimzidi anakula watoto wa sangara wenzake. Ukichora mishale yote hiyo utapata utando wa chakula, na karatasi yako itafanana na nyavu za kijijini kwenu.

SWALI (sekondari, Kisumu): Baba huweka mbolea shambani na mahindi yanastawi. Kwa nini tunaambiwa mbolea hiyohiyo ikifika ziwani inaua samaki? Si ingewashibisha?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, maana hoja yako haina kasoro mpaka pale unaposahau usiku.

Mbolea ina naitrojeni na fosforasi. Ziwani wa kwanza kuzifaidi ni mwani, nao hauna subira kama mahindi: unaongezeka kwa siku chache, maji yanageuka kijani kama uji wa mlenda. Mchana mwani unatoa oksijeni na kila kitu kinaonekana sawa. Usiku hakuna jua, usanisinuru, yaani kule kujitengenezea chakula kwa mwanga, unasimama, lakini kupumua hakusimami. Mwani wote ule unavuta oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Ndiyo maana samaki wengi wanaokufa kwa kukosa hewa hukutwa alfajiri.

Halafu mwani unakufa, maana maisha yake ni mafupi. Unazama, na kule chini bakteria wanaanza kuuozesha. Bakteria nao wanahitaji oksijeni, na chakula kikiwa kingi wanazaana mpaka wanaimaliza. Kwa hiyo mbolea haimwui samaki kwa sumu. Inawashibisha wengine, na wao ndio wanaommalizia hewa. Wataalamu huita jambo hili yutrofikesheni. Mimi husema ziwa limevimbiwa.

Ziwa letu lina udhaifu wake wa kimaumbile. Maji yake mengi, takriban asilimia 80, huingia kama mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mto unaotoka ni mmoja tu, Naili, pale Jinja. Mvuke haubebi fosforasi. Maji yanaondoka, virutubisho vinabaki, na mwaka unaofuata vinaongezwa vingine.

Usimwonee baba peke yake. Fosforasi huja pia na udongo uliomomonyoka milimani, na maji taka ya miji, na hata na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ambavyo huanguka ziwani pamoja na mvua. Mito kama Kagera hubeba udongo kutoka Rwanda na Burundi, nchi ambazo hata ufuko wa ziwa hili hazina.

Jambo moja kwa wavuvi walio nyumbani: kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hulivuruga ziwa na kuyachanganya maji ya juu na ya chini. Yale ya chini yasiyo na oksijeni yakipandishwa ghafla karibu na pwani, samaki huelea wakiwa wamekufa, na kijijini maneno huanza kwamba kuna mtu katia sumu. Wakati mwingine ni kweli katia. Lakini uliza kwanza upepo ulikuwaje.

SWALI (kidato cha nne, Bukoba): Magugu maji yametoka Amerika ya Kusini. Mbona huko hayafungi maziwa kama huku?

Kwa sababu huko yana maadui. Mmea unapokaa mahali kwa maelfu ya miaka, wadudu na magonjwa hujifunza kuula. Gugu maji lilisafirishwa duniani kama pambo, kwa ajili ya ua lake la zambarau, ambalo kweli ni zuri, na maadui wale hawakualikwa safarini. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sehemu kubwa likishuka na Mto Kagera, likakuta maji yaliyorutubishwa kama nilivyomweleza mwenzako wa Kisumu. Kiumbe mgeni anayeenea na kuwabana wenyeji namna hii ndiye tunayemwita spishi vamizi. Angalia: ugeni peke yake hautoshi kumpa jina hilo. Mahindi ni wageni pia, na hakuna aliyewahi kukimbia shamba la mahindi linalomfuata.

Dawa ilifuatwa kulekule kwao. Katikati ya miaka ya 1990 aina mbili za fukusi wa Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni gugu hilo, walizalishwa na kuachiliwa ziwani, na kufikia mwisho wa muongo huo eneo lililofunikwa lilipungua sana. Kulikuwa na watu wakiondoa kwa mikono na mashine pia, na hali ya hewa ilichangia, kwa hiyo mabishano juu ya nani apewe sifa bado yapo. Magugu yenyewe hayakuisha. Hurudi, hasa kwenye ghuba zilizotulia kama ile ya Winam, maana fukusi anakula majani lakini haondoi fosforasi.

Barua yako haikumtaja sangara, nami nitamtaja. Naye ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, safari hii kwa makusudi, ili kuongeza mavuno. Kwa miaka kama 20 alikuwa kimya. Miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na karibu 200 zinadhaniwa zimetoweka. Furu wengine walikuwa wakila mwani na mabaki ya chini. Walipopungua, mwani ukapata nafasi. Tena sangara ana mafuta mengi, haanikwi juani akakauka kama furu au dagaa. Anabanikwa kwa moshi. Kuni zikahitajika, miti ikakatwa, udongo ukashuka ziwani. Samaki mmoja, na mlima ukaachwa wazi.

Lakini nyumba za bati mnazoziona mialoni, ada za shule, viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu, vingi vimetokana na huyohuyo. Mtihani ukikuuliza faida na hasara zake, andika zote mbili na usione haya. Mimi binafsi nasikitika kwa ajili ya furu, na namla sangara.

SWALI (kidato cha kwanza, Dar es Salaam): Ni kweli kwamba joto linaongezeka duniani kwa sababu tabaka la ozoni lina tundu, jua linapita?

Hapana. Nimelijibu mara nyingi, na nitaendelea kulijibu kwa sababu hata watangazaji wa redio hulichanganya. Ozoni ni chujio la miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho. Joto ni habari nyingine: kaboni dayoksaidi, methani na mvuke wa maji hufanya kazi ya blanketi, hushika joto linalotoka ardhini lisipotee lote angani. Blanketi lenyewe si baya, bila hilo wastani wa joto duniani ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Shida ni kuliongezea unene kwa makaa ya mawe, mafuta na ukataji wa misitu.

Mkanganyiko una chanzo. Gesi za majokofu zilizotoboa ozoni zilidhibitiwa kwa Protokali ya Montreal ya 1987, viwanda vikahamia gesi nyingine zisizoigusa ozoni. Hizo mpya zikagundulika kuwa blanketi zito kupindukia. Mwaka 2016 mataifa yakakutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo.

SWALI (Musoma): Hali ya hewa na tabianchi?

Hali ya hewa inakuambia leo ubebe mwavuli. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo, kwa kawaida wa miaka 30, na ndiyo inayokuambia upande migomba au mtama.

SWALI (kidato cha tatu, Geita): Wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamata dhahabu. Ikiingia majini si inachanganyika na maji mengi hadi haina nguvu? Kwa nini inasemwa samaki mkubwa ndiye wa kuogopwa?

Ingekuwa chumvi, ningekubaliana nawe. Zebaki ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina inayonasa mwilini na kutoka polepole mno. Rudi kwenye hesabu yangu ya kwanza: kilo 100 za dagaa zilitengeneza kilo 10 za sangara. Nishati ilipotea njiani, zebaki haikupotea. Imebanwa kwenye mwili mdogo zaidi. Kila ngazi inaikusanya. Huo ndio mrundikano wa sumu kwenye mnyororo wa chakula, na anayekula juu kabisa ndiye anayepokea mzigo wote.

Minamata, Japani, watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji taka ya kiwanda yenye zebaki walianza kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona na kufa. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956, na akina mama wakajifungua watoto wenye ubongo ulioharibika. Mkataba wa kimataifa wa 2013 wa kupunguza zebaki umebeba jina la mji huo. Simaanishi uache kula samaki. Ila walio hatarini wa kwanza pale kwenu si walaji. Ni yule anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye kikaango na kuvuta mvuke wake, mara nyingi ndani ya nyumba anamopikia. Ukiwa na ndugu anayefanya hivyo, mwambie leo.

SWALI (Sengerema): Wavuvi wanajua kokoro, ule wavu wa kuburuta, linazoa hadi vifaranga. Mbona wanalivuta?

Kwa sababu samaki nikiwaacha mimi, jirani atawachukua. Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 1968: mali isiyo na mwenyewe kila mmoja hukimbilia kuimaliza. Dawa zake zilikuwa mbili, serikali idhibiti au igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, 2009, alikwenda kuwatazama wavuvi na wakulima wenyewe, akakuta jamii nyingi zinatunza mali ya pamoja vizuri, mradi watumiaji wanajuana, wametunga kanuni wao, na mvunjaji anaonekana na kuadhibiwa. Vikundi vya BMU, yaani vya wanajamii wanaosimamia uvuvi, kwenye mialo yenu vinakaribiana na wazo hilo. Vinafanikiwa? Inategemea mwalo, na inategemea mwenye kokoro ni ndugu wa nani.

SWALI (kidato cha pili, Bunda): Shule yetu haina maabara. Naweza kuiona yutrofikesheni kwa macho?

Unaweza. Chukua chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, uzijaze maji ya ziwa au ya bwawa, yasiwe ya bomba kwa sababu yana klorini. Moja tia mbolea ya mahindi kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Usizifunge kwa nguvu. Zikae dirishani penye mwanga wiki mbili, ukiandika rangi kila siku. Yenye mbolea ikishakolea kijani, ifungie ndani ya boksi lenye giza siku tano, kisha ifungue nje ya nyumba, usiinuse kwa karibu na usiionje. Harufu ile ndiyo sehemu ya pili ya jibu la mwenzako wa Kisumu. Andika kwenye chupa kwamba ni ya masomo. Yangu mke wangu aliimwagia mchicha siku ya tisa, na mchicha ukastawi.